KUTU KATIKA KIUNGO CHA TELA



Wengi wetu hudhani kuwa kutu ni ugonjwa wa pwani tu, uletwao na upepo wa bahari. Kwa hiyo mtu anunuapo lori au trekta lililofanya kazi bara, Mbeya au Iringa, husema, "Hili halijaonja chumvi," naye asiiname kutazama nyuma ya gari. Dhana hiyo si sahihi, tena ni ya hatari. Twapenda kueleza sababu yake, na nini kifanywe.

Kiungo cha tela ni kile chuma cha nyuma ya gari chenye tundu, ambamo huingizwa ulimi wa tela na kufungwa kwa pini. Mzigo wote huvutwa na chuma hicho kimoja na pini hiyo moja.

Chuma hushika kutu kinapokutana na maji na hewa kwa pamoja. Kimoja kikikosekana, kutu haiji. Chumvi haianzishi kutu peke yake, bali huiharakisha.

Sasa tutazame Nyanda za Juu za Kusini. Mvua za Mbeya na Iringa aghalabu huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili, na upande wa Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Zikiisha, huja baridi na umande wa asubuhi. Tope hujaa ndani ya tundu la kiungo na kukaa na maji siku nyingi. Kadhalika, malori ya huko hubeba mbolea ya dukani kwa ajili ya mashamba ya mahindi, na aina kadha za mbolea hiyo ni chumvi kwa asili yake. Vumbi lake likipata unyevu hula chuma kama yalavyo maji ya bahari. Basi gari la bara nalo limeonja chumvi, ila si ya baharini.

Na njia za huko hazina huruma. Barabara ya lami iendayo Zambia, iliyojengwa kati ya mwaka 1968 na 1973, hupanda mlima Kitonga kabla ya kufika Iringa, kisha huendelea hadi Mbeya na Tunduma. Pale Kitonga upande mmoja ni jabali na upande wa pili ni korongo. Tela likikatika mahali kama hapo halina dereva wa kulizuia. Vilima vyetu vya Pemba ni vidogo, lakini tela lenye magunia ya karafuu, na wachumaji wamekaa juu yake, huua vile vile.

Yafaa kila mwenye gari afanye haya:

1. Kila baada ya kazi, chomoa ulimi na pini. Osha tundu kwa maji matamu, khasa gari likiwa limetoka ufukweni au limebeba mbolea. Toa tope lote, kisha ufute mpaka pakauke.

2. Nje ya kiungo, piga rangi. Kwanza sugua kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'are, halafu paka rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi ya kawaida. Rangi iliyopakwa juu ya kutu huificha tu. Chini yake chuma huendelea kuliwa.

3. Ndani ya tundu na katika pini, paka grisi kidogo, kwani rangi humenyeka kwa msuguano. Futa ile ya zamani kabla ya kutia mpya, maana grisi iliyochanganyika na mchanga husaga chuma kama msasa. Ukimaliza, nawa mikono. Karafuu iliyoingia grisi imeharibika.

4. Pini ikikwama, tia mafuta mepesi, uiache usiku kucha, kisha uigonge polepole. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana pini hubanwa. Pini yenye kutu ya juu juu yaweza kulowekwa ndani ya siki usiku mmoja, ikasuguliwa, ikaoshwa, ikakaushwa na kupakwa mafuta. Maji ya betri yasitumike kabisa; huunguza mtu na huweza kukifanya chuma kigumu kivunjike ghafla.

Wakati wa kuacha kutibu pia lazima ujulikane. Kutu ya vumbi hutibika. Lakini kutu ikibanduka vipande vipande, au chuma kina mashimo, au tundu la pini limekuwa kama yai badala ya kuwa duara, au pini imelika kiunoni, au pana ufa penye maungio ya kuchomea, kiungo hicho kimekufa. Kisifunikwe kwa rangi wala kusiribwa kwa kuchomea juu juu. Na kibadilishwe na fundi anayeijua kazi hiyo. Mnyororo wa usalama ni wa akiba; haufanyi kiungo kibovu kuwa kizima.

Pini mpya hununuliwa kwa fedha, na fedha hutafutwa. Roho ya mchumaji haina duka. Kwa hiyo twaomba kila mwanachama mwenye tela, kabla ya kila msimu wa kuchuma, achukue tochi na nyundo ndogo, alale chini ya gari, na akikague kiungo chake mwenyewe.

Katibu