Mwanangu yuko Edinburgh, na picha zilinificha mengi

Picha ya kwanza aliyonitumia binti yangu kutoka Edinburgh, huko Uskoti, ilikuwa ya ngome. Imekaa juu ya mwamba mweusi katikati ya mji, mawingu yameilalia, na yeye kasimama chini yake na koti la mtumba tulilolinunua hapa Tanga. Niliiweka stetasi kabla hata sijamjibu. Hadi adhuhuri nilikuwa nimepongezwa na nusu ya ukoo, na shemeji yangu mmoja alikuwa ameshauliza bei ya simu za huko.

Hiyo ilikuwa Septemba. Alikwenda kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, ada na chumba vimelipwa na wafadhili, chakula anajitegemea kwa posho ndogo.

Wiki za mwanzo tulikuwa tunaongea kila jioni, nikaujua mji ambao sijaukanyaga. Sehemu ya kale imejengwa juu ya mgongo wa kilima. Barabara moja ndefu inateremka kutoka ngomeni hadi kwenye kasri la mfalme, na kila upande kuna vichochoro vyembamba vyenye ngazi za mawe. "Kama Mji Mkongwe wa Unguja, mama, ila huku unapanda mpaka magoti yanalia." Majumba mengi yameingia weusi kwa moshi wa makaa ya zamani, na wenyeji wenyewe waliupa mji jina la utani lenye maana ya mzee wa moshi. Chuo Kikuu cha Edinburgh kilianza mwaka 1583, na Mwalimu Nyerere alisoma hapo kuanzia 1949 hadi 1952. Hilo la Mwalimu niliwarudia majirani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Yeye lakini majumba hayakumshangaza sana. Kilichomshtua ni mzinga. Saa saba kamili mchana, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, ngomeni hufyatuliwa mzinga. Desturi hiyo ilianza mwaka 1861 ili mabaharia wa bandari ya Leith walinganishe saa zao. Siku ya kwanza alichuchumaa barabarani. Alipoinua macho, hakuna mtu aliyegeuka.

Kiingereza nacho kilimtesa. Mtihani alifaulu vizuri, lakini dukani aliulizwa jambo mara tatu asielewe, mpaka muuzaji akamwonyesha mfuko kwa mkono. Alipenda kuona abiria wakimshukuru dereva wa basi wanaposhuka. Ila jirani wa mlango wa pili walipishana kwenye ngazi mwezi mzima bila kujuana majina. Kwa mtoto aliyezoea kupigiwa hodi tangu alfajiri, hilo lilimuuma kuliko baridi.

Kisha likaja giza. Mwisho wa Oktoba wanarudisha saa nyuma, na tofauti yetu ikawa saa tatu badala ya mbili. Disemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na dakika arobaini hivi. "Mama, huku magharibi inaingia kabla ya saa kumi," aliniambia. Nikacheka, nikadhani ni kioja tu cha Ulaya.

Simu zikaanza kuwa fupi. Shikamoo yake ikawa ya chini. Kamera haiwashi, anasema mtandao mbaya. Mtandao mbaya Ulaya! Ningejiuliza hapo hapo, sikujiuliza. Tena mwezi huo alinitumia shilingi laki tatu za kumalizia bati la jikoni. Nilishukuru, nikatangaza.

Jumamosi moja nilimwambia, "Washa kamera, unizungushe chumbani." Akasita, kisha akawasha. Kwao ilikuwa saa nane mchana, lakini pazia limefungwa na taa inawaka. Mezani pakiti tatu za tambi za kuchemsha, basi. Alikuwa anakohoa wiki ya pili, na darasani hajaingia siku nne. Pesa ya bati ilikuwa pesa yake ya chakula. Hospitali hakwenda kwa kuogopa bili.

Mzazi mwenzangu, hapa nisikilize vizuri. Anayeomba viza ya masomo ya muda mrefu Uingereza hulipa pia mchango wa huduma za afya, na sisi tulitozwa kwa kiwango cha pauni 776 kwa mwaka. Akifika anajiandikisha kwa daktari wa mtaani kwake, na kumwona halipi tena. Uskoti hata dawa za kuandikiwa na daktari ni bure. Tulihangaika kuitafuta pesa hiyo, kisha tukasahau wote wawili tulilipia nini. Na wajomba wanaosubiri kutumiwa simu wajue kwamba viza ya shahada humruhusu mwanafunzi kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Jumatatu alikwenda kwa daktari. Baadaye alikwenda na kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. "Aliniuliza jana nimekula nini," alinisimulia. "Nikalia." Mimi nilichukua zamu yangu ya upatu nikamrudishia laki tatu zake. Shemeji akasema nimelogwa, tangu lini pesa ikatoka Tanga kwenda Ulaya.

Siku hizi simuulizi kama hajambo, maana jibu lake nalijua. Namuuliza amepika nini, na leo amekaa na nani darasani. Amewapata wasichana wawili, Mkenya na Mrundi, na Jumamosi wanapika ugali kwa unga wa duka la Wahindi. Wa kwanza uliungua, akanitumia picha ya sufuria. Hiyo sikuiweka stetasi.

Huwa nampigia saa kumi alasiri, kwao ikiwa saa saba, anapopumzika. Wiki iliyopita alinikatiza katikati ya maneno. "Subiri, mama." Tukanyamaza wote. Ukaja mlio mmoja kwa mbali, kama geti lililobamizwa.

"Umesikia?"

Nikamwambia nimesikia. Akaendelea kula wali wake.