Bukavu: Fundi wa miti anaitwa wakati tawi limekwisha kuanguka

Saa moja kasoro ya asubuhi, kwenye mteremko mmoja wa komini ya Kadutu. Mwanaume wa miaka 40 na kitu amesimama chini ya mti wa avoka, mikono nyuma, ameinua shingo. Panga lake liko chini. Kamba zingali ndani ya gunia. Kwa karibu nusu saa hakati kitu. Anazunguka mti, anagonga shina kwa mgongo wa panga, anategesha sikio, anagonga tena. Mwenye parseli, mama mjane anayeuza avoka za mti huo, anaanza kuchoka.

“Papa, unalipwa kwa kutazama?”

“Mama, kutazama ndiyo kazi. Kukata ni mwisho tu,” anajibu fundi.

Nimefuatana naye siku nzima, mwisho wa mwezi wa nane, kabla mvua hazijarudi. Ameomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu kila anapojulikana zaidi, wanaokuja kumuomba “karatasi” nao wanaongezeka. Katika mtaa wanamwita mkata miti. Jina hilo halipendi. Anasema kila mwenye panga anaweza kuangusha mti; yeye kazi yake kubwa ni kuuacha umesimama bila kuua mtu.

Mti wa leo unaonyesha vizuri maana ya maneno hayo. Matawi yake mawili makubwa yamevuka ukuta na kulala juu ya mabati ya jirani. Msimu wa mvua uliopita, tawi la tatu lilivunjika usiku na kukunja mabati mawili. Jirani anataka mti wote uondoke, na amekwisha kupeleka lawama kwa mkubwa wa avenyu. Mama naye anasema avoka hizo ndizo zinamsaidia kulipa masomo ya watoto. Kati yao wawili amewekwa fundi, na hapa Bukavu mvua huanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwezi wa tano.

Kwa mfuko wa fundi, hesabu ingekuwa nyepesi: kuangusha mti mzima ni kazi ya nusu siku, na shina lingemletea kuni nyingi za kuuza. Kupunguza matawi ni kazi ya siku nzima, hatari zaidi, kuni kidogo. Hata hivyo, baada ya kugonga shina na kuchimba kidogo kwenye mizizi, ametoa neno lake: mti huu ni mzima, ubaki.

Bei na kuni

Kisha yanafuata mapatano. Fundi ameomba dola 60. Mama ametoa 20, na kuongeza: “Kuni zote uchukue.” Ni jibu ambalo fundi anasema amelisikia katika kila parseli. Watu wanafikiri kuni ndizo mshahara. Hawaoni kwamba kwenye miteremko ya Bukavu hakuna gari linalofika nyuma ya nyumba. Kila kipande kinapanda kwa mgongo wa mtu hadi barabarani, na mtu huyo analipwa. Hawaoni esanse ya msumeno wa mashini, mafuta ya mnyororo, tupa ya kunoa, wala kamba, ambayo jua likiipiga muda mrefu inaonekana nzima kwa macho na kumbe imekwisha nguvu ndani. Anao pia vijana wawili wa kushika kamba chini, na hao hawali kuni.

Wamekubaliana dola 35, nusu ya kuni ibaki kwa mama.

“Kata kichwa!”

Kabla hajapanda, jirani ametoka na shauri lake: basi mti ukatwe kichwa, ubaki mfupi, mambo yaishe. Hili ndilo ombi linalomchosha fundi kuliko yote, na hapa Bukavu alama zake zinaonekana kila mahali: mikalitusi na migrevilea iliyokatwa katikati kama nguzo, na juu yake rundo la vitawi vyembamba vilivyosimama kama nywele.

Ubaya wake ni huu. Mti uliokatwa kichwa unaota haraka matawi mengi mapya, kwa sababu bila majani unakufa njaa. Lakini matawi hayo yameshikwa juu juu kwenye gamba, hayakuzaliwa ndani ya shina kama yale ya kwanza. Wakati huohuo, kidonda kikubwa cha juu kinapokea maji na kuanza kuoza. Baada ya miaka michache una matawi mazito, yaliyoshikwa vibaya, juu ya shina linalooza. Mwenye nyumba alitaka kuondoa hatari, kumbe ameipanda.

Jambo hilo lina elimu yake. Mtaalamu wa Marekani Alex Shigo, aliyefariki mwaka 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuona ndani yake vidonda vinakuwaje. Alionyesha kwamba mti hauponi kama mwili wa mtu. Sehemu iliyoharibika haifanywi upya. Mti unaizungushia ukuta na kuendelea kukua pembeni. Ndiyo sababu mahali pa kukatia tawi pana uzito kuliko panga lenyewe. Pale tawi linapotoka kwenye shina kuna uvimbe mdogo, kama mkunjo wa ngozi. Ukikata nje kidogo ya uvimbe huo, mti unafunga kidonda. Ukikata ndani yake, karibu kabisa na shina, umeondoa ukuta wenyewe. Ukiacha kisiki kirefu, kisiki kinaoza na kuingiza uozo ndani.

Fundi wetu hakusoma Shigo. Alifundishwa na mzee mmoja aliyemkataza kugusa “shingo ya tawi”, bila kumwambia sababu. Aliielewa mwenyewe baada ya miaka, alipokuwa akirudi kwenye miti aliyoikata zamani na kuona ipi imefunga na ipi imeoza.

Umeme ukirudi

Saa mbili na nusu yuko juu, kamba kiunoni, msumeno wa mkono mgongoni. Msumeno wa mashini unabaki chini: hautumii akiwa ameshikilia mti kwa mkono mmoja. Tawi la kwanza linakatwa kwa hatua tatu. Kwanza anakata kidogo kutoka chini, mbali kidogo na shina. Kisha anakata kutoka juu, mbele zaidi, na tawi linavunjika bila kuchana gamba la shina. Mwisho anaondoa kisiki kilichobaki, nje ya uvimbe. Kamba ya kushushia imezungushwa mara tatu kwenye shina, na vijana wawili wanailegeza polepole. Tawi linashuka juu ya mabati ya jirani, linapita, linafika chini. Hakuna bati lililoguswa.

Tawi la pili ni shida nyingine. Waya wa umeme unaoingia nyumbani kwa jirani umepita katikati ya majani yake, na gamba la waya limechakaa. Tangu usiku umeme haupo, na fundi alitegemea hivyo. Njia ya haki ni kuomba laini ikatwe kwanza. Lakini kwa mtu mwenye mti mmoja nyuma ya nyumba, jibu linaweza kuchelewa kuliko mvua. Basi mafundi wengi wanafanya kazi wakati umeme umekwenda, wakiomba Mungu usirudi.

Saa nne kamili, watoto wa mtaa mzima wanapiga kelele ya furaha: “Umeme! Umeme!” Redio zinaanza kuimba kutoka nyumba hadi nyumba. Huko juu, fundi anaondoa mkono wake kwenye tawi polepole, kama mtu aliyeona nyoka. Mti mbichi umejaa maji, na umeme unapita ndani yake. Anashuka bila neno na kukaa juu ya jiwe.

“Yaya, tumalize haraka, limebaki moja tu,” anasema mmoja wa vijana wake.

“Hapana, mdogo wangu. Hilo moja ndilo linazika watu.”

Baadaye, pembeni, ananieleza. Mwenzake waliyeanza naye kazi alianguka kutoka kwenye mkalitusi, miaka kadhaa iliyopita. Haukuwa umeme, lilikuwa tawi kavu alilokanyaga jioni, wakati mwenye mti alikuwa akimharakisha chini. Alivunjika mgongo. Hakukuwa na mkataba wala bima, na mwenye parseli alilipa taksi ya kwenda hospitali, basi. Mwenzake yu hai, lakini hatembei. Tangu siku hiyo, akiambiwa aharakishe, fundi anashuka.

Wanangoja karibu saa tatu. Jirani, aliyekuwa na haraka ya kuona mti ukiondoka, anakasirika kwanza. Kisha anautazama waya wake mwenyewe, anatazama tawi, na kumpigia simu fundi wa umeme anayemfahamu. Saa saba mchana waya umetolewa. Kazi inarudi, na safari hii jirani mwenyewe ameshika mkia wa kamba.

Lawama ni za nani?

Karatasi ni uchungu mwingine. Congo ina sheria ya misitu ya mwaka 2002, iliyoandikwa kwa ajili ya misitu na wanaokata mbao. Lakini anayepita barabarani na vipande vya mti wa avoka mgongoni anaweza kusimamishwa na kuulizwa kibali, na si rahisi kwake kujua ni nani ana haki ya kumuuliza, wala ni pesa gani ni kodi na ipi ni ya mfuko. Fundi anasema angelipa kwa furaha karatasi moja, mahali pamoja, mara moja kwa mwaka, yenye kumtambua kama fundi. Kwa sasa analipa kidogo kidogo, na hana karatasi.

Na jambo likiharibika, lawama hazigawanyiki. Miti mingi ya Bukavu ni mikubwa kuliko nyumba zilizo chini yake. Mti ulikuwepo, parseli zikagawanywa, mtu akachimba msingi na kukata mizizi ya upande mmoja. Mizizi hiyo ndiyo ilikuwa ikiushikilia mti kwenye mteremko. Siku upepo unapouangusha, watu hawamkumbuki aliyechimba msingi. Wanamkumbuka wa mwisho aliyepanda juu na panga.

Nimemuuliza ni nini angependa wakaaji wajue. Hakutaja bei. Alihesabu kwa vidole: mti ulioinama ghafla, na udongo umeinuka upande wa nyuma, uyoga unaoota kwenye mizizi au shina, ufa pale matawi mawili makubwa yanapokutana, tawi kubwa lililokauka juu ya njia ya watu. Ukiona moja kati ya hayo, ita mtu wakati wa kiangazi, wakati kamba ni kavu, mti haujabeba maji ya mvua na shina haliteleze. Usikate mizizi ili kujenga ukuta. Na usimtume mtoto kupanda karibu na waya, hata kama umeme umekwenda tangu juzi.

Saa kumi na moja jioni, mti wa avoka umesimama, mwepesi, na kati yake na mabati kuna nafasi ya mtu kupita. Fundi amepaka chokaa kwenye matawi ya ndani ambayo hayajawahi kuona jua, kwa maana gamba la avoka linaungua. Amemwambia mama ukweli: mwaka kesho matunda yatapungua, baadaye yatarudi. Mama amekaa kimya kidogo, kisha amehesabu dola 25. Zile 10, amesema, akiuza mavuno ya juma hili.

“Hakuna neno, Mama.”

Tukipanda kuelekea barabarani, simu yake imelia. Ni mwenye parseli mmoja kutoka upande wa Panzi. Alikwisha kumuita mwezi wa sita kutazama mkalitusi wenye ufa juu ya nyumba ya mbao, kisha akaona bei ni kubwa. Leo anasema amefikiri vizuri: atangoja kwanza mvua zianze, aone kama mti utatikisika.

Fundi amemsihi, amepunguza bei, amemsihi tena. Kisha amerudisha simu mfukoni na kubadilisha gunia la kamba kutoka bega moja kwenda jingine.

“Atanipigia mwezi wa kumi,” amesema. “Usiku.”