Radi ya Kabare: mbele ya kusimika paratoneri, tupige hesabu

Sisi watu wa Kivu, radi tunaijua. Wingu likisimama upande wa Kahuzi, mama anaita watoto, mbuzi zinafunguliwa kamba, simu zinazimwa. Lakini hata sisi tulishangaa tuliposoma hesabu ya satelite. Toka 1998 mpaka 2013, satelite ya Wamarekani na Wajapani iliyoitwa TRMM ilihesabu mimweko ya radi katika nchi za joto, na orodha ikachapishwa 2016. Nafasi ya kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, kule Venezuela. Ya pili ni Kabare yetu: mimweko 205 hivi kwa kila kilometa mraba, kila mwaka. Si yote inashuka chini, mingi inabakia mawinguni. Ile inayoshuka inatosha.

Wasomaji wetu wakubwa wanakumbuka mwezi wa 10, 1998. Magazeti yaliandika kwamba radi iliua wachezaji 11 wa timu moja kule Kasai, katikati ya mchezo, wale wa timu ingine wakapona. Mara moja watu wakasema: ni uchawi. Hatutaki kubishana hapa na mzee wa mtu. Tunauliza paka hivi: masomo ya watoto wetu, yenye manjanja juu na mlima nyuma, tuyalinde namna gani na feza kidogo tuliyo nayo?

Wengi wanafikiri ni kusimika chuma kirefu katikati ya kiwanja, basi. Wainjinia leo wanaanza na ordinatere. Wanachora nyumba, halafu wanabiringisha juu yake mpira mkubwa wa kufikirika. Popote mpira unapogusa, radi inaweza kupiga. Pale unaposhindwa kufika juu ya chuma kuuzuia, pamelindwa. Ukubwa wa mpira hauokotwi njiani. Radi inashuka hatua kwa hatua, na ikibakiza makumi ya metre ndipo inachagua itapiga wapi. Yenye nguvu inachagua mapema, ile dhaifu inachagua karibu sana. Kumbe ile ndogo ndiyo mwizi, inapenya kando ya chuma! Kwa hiyo kanuni za kimataifa zinatumia mpira wa nusu-kipenyo cha metre 20 kwa ulinzi mkali, na 30, 45 ao 60 kwa ulinzi unaopungua.

Tulijaribu wenyewe. Tuseme somo la metre 30 urefu, paa lake metre 5, mpira wa 45. Chuma kimoja katikati, ncha yake metre 10 toka chini: pale juu ya paa kinalinda metre 7 na nusu tu kila upande. Madarasa ya mwisho yako nje! Ili kimoja kitoshe, ncha ifike metre 17 na nusu. Lakini vyuma viwili vya metre 10, kila kimoja metre 5 toka mwisho wa jengo, vinafunika paa lote. Hesabu ya dakika chache, na ni watoto wa madarasa mawili wanaoingia ndani ya ulinzi.

Na ncha? Toka Benjamin Franklin tumezoea ncha kali sawa mkuki. Mfalme George III wa Uingereza yeye alitaka ncha butu, watu wakamcheka. Halafu Charles Moore na wenzake walisimika ncha za namna mbili mlimani New Mexico, Marekani, miaka saba. Matokeo ya 2000: radi ilipiga ncha butu 12, kali hata moja. Hesabu za nguvu ya umeme hewani zinaonyesha sababu: ncha kali inatoa chaji mapema, inajifunika yenyewe na kupunguza nguvu ile ya kuita radi. Kuhusu vile vichwa vya bei kali, vinavyosemwa kimoja kinalinda eneo kubwa, Ufaransa iko na norme yao, NF C 17-102, lakini wanasayansi wengi wa radi wanavikataa. Sisi tungenunua vyuma viwili vya kawaida.

Sasa udongo, na hapa ndipo tuko na wasiwasi kuliko pote. Ordinatere inakula kile unachoipa. Ukiiambia udongo ni mzuri, itakubali. Udongo wa Kabare unashika maji. Goma mtu anasimama juu ya lava ya Nyiragongo, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Kugonga chuma kimoja ndani ya jiwe ni kudanganya wazazi. Pale wataalamu wanazungusha waya wa shaba kuzunguka nyumba nzima. Fundi apime udongo mbele ya kuchora, na akimaliza kazi apime tena. Wanatafuta chini ya ohm 10. Apime wakati wa kiangazi, si siku ya mvua udongo ukiwa umelowa. Na waya unaoshuka ukutani uzungushiwe uzio, watoto wakae mbali metre 3.