Mama na Kiti cha Magurudumu

"Mwanangu, sikutoka Tanga kuja kusukumwa."

Mama aliyasema hayo akiwa ameketi chini karibu na Safa, kule Makka, soksi zimembana miguu iliyovimba. Ana miaka 74. Tawafu alikwisha kuimaliza kwa miguu yake, mizunguko saba ya Kaaba; ilibaki sai, mara saba kati ya vilima vya Safa na Marwa, mwendo wa takriban kilomita tatu.

Nikamkumbusha Bi Ummu Salama, mkewe Mtume. Alipomweleza Mtume (S.A.W.) kwamba anaumwa, aliambiwa atufu nyuma ya watu, naye amepanda mnyama. Mtume mwenyewe, katika Hija ya Kuaga, alitufu juu ya ngamia. Bi Sauda, mkewe mwingine aliyekuwa mzito wa mwendo, aliruhusiwa kuondoka Muzdalifa usiku, kabla watu hawajasongamana. Mama alinyamaza kitambo. "Haya, kilete."

Kiti nilikikodi mwenyewe. Kikundi chetu cha Hija kilituahidi viti tangu nyumbani. Tulipofika tukaambiwa kila mtu amwangalie mzee wake. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu wengi wetu huku kwetu tunakwenda Hija uzeeni. Mtu anadunduliza miaka na miaka, watoto wanachangia, na fedha zinapotimia magoti yamekwisha. Kwenye semina tunafundishwa dua na kufunga ihramu. Magoti, presha na sukari hayaulizwi.

Yapasa yaulizwe kabla fedha hazijapokelewa. Kila mzee apewe kijana wa kumshika mkono, anayejua dawa zake. Katika Hija ya mwaka 2024 joto kwenye Msikiti Mtakatifu lilifika nyuzi 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Serikali ya Saudia ilisema zaidi ya wanne katika kila watano hawakuwa na kibali. Walitembea mwendo mrefu juani bila kivuli wala pa kupumzikia. Wenyeji wamejenga mengi: treni ya Arafa, Muzdalifa na Mina iko tangu 2010, Jamarati, panapotupwa mawe, ina ghorofa, na msikitini vipo vigari vya umeme. Lakini treni haimfuati mzee hemani. Lazima awepo wa kumfikisha.

Na asiyeweza kabisa kusafiri asione kuwa Mungu amemfungia mlango. Mwanamke wa kabila la Khath'am aliuliza kama amhijie baba yake, mzee asiyeweza kukaa juu ya mnyama, akajibiwa ndiyo. Hiyo ndiyo Hija ya badali.

Kwenye sai, njia ya viti iko katikati, kati ya waendao na warudio. Tulipofika kwenye taa za kijani, wanaume wanapokimbia mchakamchaka, nami nikakimbia na kiti.

"Taratibu, baba!" alisema mama, mkono mmoja ameshika kiti, mwingine ameuinua kwa dua.

Kule Marwa, mara ya saba, alishuka. Akasimama mwenyewe, akaelekea Kibla, akaomba kwa muda mrefu. Kisha akatoa mkasi mdogo mkobani, akanipa nimkate ncha ya nywele.