Kofia ya Viua na Chai ya Asubuhi

Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba, mama huamka alfajiri akachemsha chai, akapika vitumbua au muhogo. Na watoto wakisha kwenda skuli, hushika sindano. Kofia ya viua ina duara la juu na ukanda wa pembeni. Vyote viwili hutobolewa vijitundu, na kila kijitundu huzungushiwa uzi kwa mkono. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi, ilhali mashine hutoa kofia yake kwa muda mfupi mno.

Sokoni kofia hizo mbili zikiwekwa pamoja, mnunuzi asiyezijua hutaka zote kwa bei ya mashine. Anayepunjwa ni mama, na upungufu huo huonekana kwanza katika sukari na unga wa asubuhi.

Tunawaomba wahusika waziwekee kofia za mkono alama rasmi, na wawasaidie washonaji kununua uzi kwa ushirika. Nasi wananchi tuitazame kofia kwa karibu kabla ya kutaja bei. Wahenga walisema: vyaelea, vimeundwa.