Mwanga nao una stesheni zake

Sisi wa redio tunaijua kazi ya kuzungusha kitufe taratibu mpaka stesheni inayotakiwa isikike bila mikwaruzo. Juma hili nataka kueleza kwamba mwanga wa leza nao waweza kuzungushwa vivyo hivyo, na kwamba jambo hilo linamhusu hata mgonjwa wa mawe ya figo.

Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman. Ilitoa mwanga mwekundu tu. Leza ninayoizungumzia leo imo ndani ya uzi mwembamba wa kioo uliotiwa thuliamu kidogo, metali aliyoigundua Msweden Per Teodor Cleve mwaka 1879.

Uzi huo hulishwa mwanga kutoka leza nyingine ndogo. Atomi za thuliamu huumeza, kisha huutoa ukiwa na wimbi refu zaidi, kati ya nanometa 1,800 na 2,100 hivi. Jicho letu huishia karibu na 700, kwa hiyo hatuuoni. Ndani ya upana huo mafundi huchagua stesheni moja kwa kuweka kifaa kinachorudisha wimbi la urefu mmoja tu ndani ya uzi. Linalorudishwa hupata nguvu, mengine hufifia. Kifaa kikivutwa au kikipashwa joto kidogo, stesheni huhama.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu kila kitu kina wimbi lake. Maji humeza sana mwanga wa karibu na nanometa 1,940. Ndiyo maana madaktari hupitisha uzi wa leza hii katika njia ya mkojo na kuyasaga mawe ya figo yakawa vumbi.

Kuna kazi nyingine inayodai stesheni mbili kwa wakati mmoja. Tuseme unataka kupima hewa ya ukaa. Wimbi la kwanza huchaguliwa ili limezwe na hewa hiyo, la pili lipite. Vumbi na ukungu huyapunguza yote mawili karibu sawa, lakini hewa ya ukaa hula moja tu. Tofauti kati yao ndiyo kipimo chenyewe. Ukiwa na wimbi moja pekee, utajuaje kama mwizi wa mwanga ni hewa au ni vumbi?

Tatizo ni kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mawimbi yote mawili hula kutoka atomi zilezile, na lenye nguvu kidogo zaidi humnyima mwenzake chakula mpaka azimike. Fundi hana budi kumpunguzia mwenye nguvu na kumwachia mnyonge, mpaka mizani itulie.

Nimalizie kwa onyo. Kutouona mwanga si kusalimika nao. Wimbi hili humezwa na maji yaliyo sehemu ya mbele ya jicho, nalo laweza kuiunguza. Miwani ya kujikingia hutengenezwa kwa mawimbi maalum. Ile ya leza nyekundu huenda isizuie hii hata kidogo. Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi karibu na mashine hizi, soma namba zilizoandikwa kwenye miwani kabla ya kuwasha. Stesheni ikibadilika, miwani nayo ibadilike.

Tukutane juma lijalo.