Mzunguko wa molekuli wawasha na kuzima leza ya angani

HEWA tunayoivuta, ambayo takriban asilimia 78 yake ni nitrojeni, inaweza kugeuzwa kuwa leza pasipo vioo wala bomba la gesi.

Mwaka 2011 watafiti wa Shanghai, China, walieleza jinsi mpigo mfupi wa leza yenye nguvu nyingi unavyozifanya ayoni za nitrojeni hewani kutoa mwanga wa leza, ukiwamo wa zambarau wenye urefu wa wimbi wa nanomita 391.

Mpigo huo hudumu kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, ambao kitaalamu huitwa pikosekunde. Katika kipindi hicho huing'oa elektroni moja kutoka katika molekuli ya nitrojeni na kuiacha ikiwa ayoni.

Hata hivyo, mwanga hautoki kwa nguvu ileile wakati wote. Sababu ni kwamba molekuli ya nitrojeni ina umbo la fimbo fupi yenye atomu mbili, na mpigo wa leza huziacha fimbo hizo zikizunguka.

Kwa kanuni za fizikia, kasi za mzunguko huo si za kiholela, bali zimepangwa kwa ngazi. Ni mithili ya wachezaji wa ngoma wanaoanza pamoja, kila mmoja akizunguka kwa kasi yake: hupotezana, kisha baada ya muda maalumu hujikuta wameelekea upande mmoja tena. Kwa ayoni za nitrojeni, muda huo ni takriban pikosekunde 8.

Ayoni hutoa au kufyonza mwanga huu zaidi fimbo yake inapolala sambamba na mtikisiko wa wimbi la mwanga. Aidha, ayoni zenye nishati kubwa huzunguka kwa kasi tofauti kidogo na zile za nishati ndogo. Zile za juu zinapolala sambamba huku za chini zikiwa zimekingama, utoaji huushinda ufyonzaji, na leza huongezeka nguvu. Hali ikigeuka, mwanga hufifia.

Wanafizikia bado wanabishana kuhusu chanzo kamili cha nguvu hiyo. Ubishi huo si wa maabara pekee, kwani shabaha mojawapo ya utafiti huu ni kutambua gesi zenye sumu kutoka mbali, bila mtu kuzikaribia. Atakayetaka kipimo cha kuaminika hana budi kwanza kuujua mzunguko huo.